Trakpadi inayotetema, na kwa nini tovuti yako haiwezi kuigusa

Chukua MacBook Pro ya inchi 13 ya mwaka 2015 (bado zipo kwa wauza kompyuta za mitumba), izime kabisa, kisha bonyeza trakpadi. Kimya. Ni kama kubonyeza kioo cha dirisha. Iwashe, bonyeza tena: tak! Sasa hebu tuulizane, hiyo tak imetoka wapi ikiwa kioo hakikushuka kama kitufe cha kawaida?

Imetoka kwa sumaku-umeme. Chini ya kioo kuna vihisi vinne vinavyopima nguvu ya kidole. Ukipita kiwango fulani, sumaku hukivuta kioo kando, si chini, kwa kitambo kidogo mno, na kidole kinadanganyika kuwa kimebofya. Ujanja wenyewe ni wa zamani. Margaret Minsky aliuchunguza pale MIT, na katika tasnifu yake ya mwaka 1995 alieleza mfumo aliouita Sandpaper, yaani msasa: nguvu za kusukuma kando peke yake zilimfanya mtu ahisi matuta na mikwaruzo ambayo haipo.

Naandika haya kwa sababu watengenezaji wa tovuti huniuliza swali lile lile: mbona kitufe cha "Nunua" kwenye ukurasa wangu hakimtetemeshi mtu anapokipitia na kishale, na mipangilio yote nimeshaigeuza? Jamani, tatizo haliko kwenye mipangilio.

Kuna wakati jambo hili liliwezekana! Mwaka 2000 Logitech ilitoa kipanya kilichoitwa iFeel, kikitumia teknolojia ya Immersion, kampuni aliyoianzisha Louis Rosenberg mwaka 1993. Ukipitisha kishale juu ya kiungo katika Internet Explorer, kipanya kilikudunda mkononi. Kingo za menyu nazo zilikuwa na mdundo wake. Mwenye tovuti aliweza hata kutunga mitetemo yake mwenyewe, mradi mgeni awe ameweka programu ya nyongeza ya Immersion. Fikiria, enzi za modemu za kupiga simu, ukurasa wa wavuti unakugusa mkono.

Kwa maoni yangu kilijiua chenyewe. Ukurasa wa habari una viungo mia na zaidi. Kila kimoja kikidunda, unajiona umeshika usukani wa matatu kwenye barabara ya mawe. Na nani alikuwa tayari kupakua programu ya nyongeza kwa ajili ya hayo?

Machi 2015 Apple wakaleta trakpadi ya Force Touch, yenye mtetemo safi kuliko iFeel mara nyingi. Mwaka huo huo Safari ikaruhusu ukurasa usome jinsi unavyobonyeza kwa nguvu (tafuta tukio la webkitmouseforcechanged). Ona kichekesho hiki: ukurasa unajua kidole kinakandamiza kiasi gani, lakini hauna njia ya kukijibu. Programu za kawaida za Mac zilipewa njia hiyo katika OS X 10.11, kupitia NSHapticFeedbackManager, yenye midundo mitatu tu. Tovuti ziliachwa nje.

Sababu mojawapo utaiona kwenye simu. W3C ilipitisha kiwango cha Vibration API Februari 2015, na Chrome ya Android ilikuwa tayari inakitumia. Matapeli wakakivamia: unafungua ukurasa, simu inatetemeka kama imepagawa, na tangazo linakuambia una virusi. Chrome 60 ya mwaka 2017 ikaweka sharti kwamba mtumiaji aguse ukurasa kwanza. Safari haikukikubali kamwe, na Firefox ilikiondoa mwaka 2024. Woga wao naulewa. Hata hivyo, ile midundo mitatu ya Apple, itolewe tu mtu anapobofya, ingemdhuru nani? Asiyeona vizuri angeihitaji kuliko sisi wote.

Kwa hiyo ukiandika navigator.vibrate(200) katika Chrome kwenye Mac, baada ya kubofya ukurasani, utajibiwa true na kidole hakitahisi kitu. Usipoteze usiku mzima kutafuta kosa kwenye msimbo wako.

Unachoweza kurekebisha ni mbofyo wa mashine yenyewe. Kwenye Mac, mipangilio ya trakpadi ina viwango vitatu vya ukakamavu wa mbofyo, na swichi ya kubonyeza kwa nguvu. Swichi hiyo ikizimwa, lile dirisha dogo la kuchungulia kiungo katika Safari halitokei. Kwenye Windows 11, kompyuta zenye trakpadi ya aina hii, kama Surface Laptop Studio ya mwaka 2021, zina kipimo cha ukali wa mtetemo katika mipangilio ya trakpadi.

Mbofyo ukipotea ghafla, zima na uwashe kwanza. Ukiendelea kupotea, weka MacBook mezani uitazame kwa ubavu. Kioo kikiwa kimeinuka, au kifuniko hakifungi sawasawa, huenda betri iliyo chini yake imevimba. Hapo achana na mipangilio: zima, chomoa chaja, usikibonyeze kioo kirudi chini, na mpelekee fundi anayejua betri.