Dripu Iliyoaminiwa Kabla ya Kupimwa

Mtoto akifikishwa hospitali hoi kwa homa, mikono na miguu imepoa, moyo unakwenda mbio, mzazi hutaraji kuona jambo moja: atundikiwe dripu, tena haraka. Asipoiona, huanza kunong'ona kwamba mwanawe ametelekezwa. Tusimcheke. Hata mabingwa wa dunia waliamini vivyo hivyo kwa miaka mingi, na jaribio lililowatikisa lilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki.

Imani hiyo ilikuwa na mantiki yake. Maambukizi makali yanapoenea mwilini, damu haifiki vizuri kwenye viungo, hali ambayo madaktari huiita mshtuko. Maji mengi yakiingizwa upesi kwenye mshipa, mzunguko wa damu unarudi. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa za watoto 34 waliopatwa na hali hiyo, na waliopewa maji mengi zaidi katika saa ya kwanza walinusurika kwa wingi kuliko wenzao. Walikuwa 34 tu, wala hawakugawanywa kwa kura. Hata hivyo taarifa hiyo ilisaidia kujenga miongozo iliyosambaa duniani, ikiwamo nchi ambazo wodi zake hazina mashine ya kupumulia wala chumba cha wagonjwa mahututi.

Januari 2009 ndipo likaanza jaribio lililoitwa FEAST. Liliongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto mwenye makao ya kazi Kilifi, pamoja na wenzake akiwamo Sarah Kiguli wa Makerere. Hospitali zilikuwa 6: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Lacor, Mbale na Soroti nchini Uganda. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa kwa kasi maji yenye albumini, la pili maji ya chumvi kwa kasi hiyo hiyo, na la tatu likapata maji ya kawaida ya kujikimu, taratibu. Dawa za malaria, antibayotiki na damu walipewa wote kadiri walivyohitaji.

Waliolianzisha walitaraji dripu ya kasi ishinde. Nia yao ilikuwa kupata ushahidi kwamba hata hospitali maskini zinaweza kuokoa watoto kwa kitu rahisi kama maji.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri jaribio lisimamishwe. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki watoto 111 katika kundi la albumini na 110 katika kundi la maji ya chumvi. Katika kundi lisilopewa maji ya kasi walifariki 76. Kwa asilimia ni 10.6, 10.5 na 7.3. Maana yake, kwa kila watoto 100 waliomiminiwa maji, vifo vilizidi kwa vitatu hivi.

Lakini la kutisha zaidi ni lililoonekana katika saa ya kwanza. Waliopata maji ya kasi walionyesha nafuu haraka kuliko wenzao. Daktari aliyesimama kando ya kitanda angeapa kwamba tiba inafanya kazi, na asingekuwa mwongo. Vifo vilikuja baadaye, mmoja leo, mwingine kesho, katika wodi ambamo watoto hufariki hata hivyo. Hakuna jicho la mtu mmoja, hata la bingwa, ambalo lingeutambua mzigo huo wa nyongeza bila kundi la kulinganisha. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa wengi hawakufa kwa maji kujaa mapafuni, kama ilivyodhaniwa, bali kwa moyo na mzunguko wa damu kuzidiwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka huo huo. Wapo waliosema watoto wale walikuwa na malaria na upungufu wa damu, basi hayawahusu wengine, ingawa madhara yalijitokeza katika kila kundi dogo lililochambuliwa. Kitabu cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2013 kiliendelea kupendekeza maji ya kasi. Marekebisho yalikuja 2016. Linganisha na sindano ya artesunate ya malaria kali: jaribio la zaidi ya watoto 5,400 katika nchi 9 za Afrika lilionyesha mwaka 2010 kwamba inaokoa kuliko kwinini, na mwaka uliofuata mwongozo ukabadilika. Inaelekea ni rahisi kumwambia daktari aongeze kitu kipya kuliko kumwambia aache alichozoea.

Mwaka 2017 jaribio la watu wazima mjini Lusaka nalo lilikuta vifo vingi zaidi kwa waliopewa maji mengi.

Neno moja kwa mzazi: usikatae dripu kwa sababu ya makala haya. Watoto walioishiwa maji kwa kuharisha hawakuwamo katika FEAST, na kwao maji bado ndiyo tiba. Muulize tu daktari au muuguzi maji hayo ni ya nini na yataingia kwa kasi gani. Ni swali halali, nawe una haki ya kujibiwa.