Ndege ya rimoti ya sarakasi: Jinsi ya kuchagua na kufunga mota inayofaa anga ya Singida

Mota iliyonyanyua ndege vizuri Dar es Salaam inaweza kuchoka ikifika Singida. Mara nyingi haijaharibika na betri haina tatizo. Kilichobadilika ni hewa.

Mji wa Singida uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko pwani. Mota ya umeme haipotezi nguvu kama injini ya petroli inavyopoteza mlimani, ila propela yake inapata hewa kidogo ya kusukuma. Kwa ndege ya kawaida tofauti hiyo unaivumilia. Kwa ndege ya sarakasi, inayotakiwa kupanda wima na kuning'inia kwa pua, ndiyo inayoamua kama itapanda au itaanguka.

Anza na uzito

Pima ndege ikiwa kamili, pamoja na betri, kisha chagua mota. Ndege ya sarakasi inahitaji wati 350 hadi 450 kwa kila kilo moja.

Chukua ndege ya kilo 1.2. Ukipiga hesabu ya wati 400 kwa kilo, unapata wati 480. Ukitumia betri ya lipo ya seli 3 (volti 11.1), gawanya 480 kwa 11.1: mota itavuta takriban ampea 43.

Kidhibiti mwendo, ambacho mafundi hukiita ESC, kisiwe cha ampea 43 hizohizo. Nunua cha ampea 60. Hewa nyepesi inapoza vifaa taratibu zaidi, kwa hiyo nafasi ya ziada ni lazima.

Usiamini namba ya kwenye boksi

Wauzaji wengi huweka jedwali la msukumo, yaani uzito ambao mota na propela vinaweza kunyanyua. Namba hizo kwa kawaida si za mita 1,500. Kabla ya kulipa, punguza asilimia 14.

Mota iliyoandikwa gramu 1,350 itabaki na karibu gramu 1,160 hapa Singida. Ndege ya kilo 1.2 haitaning'inia. Kwa sarakasi, msukumo uwe karibu mara moja na nusu ya uzito, yaani kilo 1.8 kwa ndege hii. Ili kubaki na kilo 1.8 Singida, jedwali lionyeshe takriban kilo 2.1.

Lakini usikimbilie mota kubwa kupita kiasi. Uzito unaumiza mara mbili huku, kwa sababu bawa nalo linabebwa na hewa hiyohiyo nyepesi. Hata bila kuongeza gramu moja, ndege itatua Singida kwa kasi zaidi ya pwani kwa karibu asilimia 8.

KV maana yake nini?

KV si nguvu. Ni idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Mota ya KV 900 kwenye volti 11.1 huzunguka karibu mara 10,000 kwa dakika.

KV kubwa inataka propela ndogo inayokimbia. KV ndogo inazungusha propela kubwa. Sarakasi inapenda propela kubwa, kwa sababu ndiyo inayotoa msukumo hata ndege ikiwa imesimama hewani. Kwa ndege ya kilo 1.2 yenye seli 3, KV 800 hadi 1,000 ni mahali pazuri pa kuanzia. Chagua mota isiyo na brashi, ile ambayo ganda la nje ndilo linalozunguka.

Propela: ongeza kidogo kidogo

Tuseme propela ya 12x6: kipenyo ni inchi 12, na 6 ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Singida itavuta ampea pungufu kuliko pwani. Nafasi hiyo unaweza kuitumia, lakini kwa adabu.

Kutoka 12x6 kwenda 13x6 kunaongeza mzigo kwa zaidi ya theluthi, wakati hewa imepungua kwa asilimia 14 tu. Mota inaweza kuungua. Hatua salama zaidi ni 12x7 kwa anayetaka mwendo, au 13x4 kwa anayetaka kuning'inia.

Baada ya kubadilisha, funga ndege imara chini, weka kipima wati kati ya betri na ESC, ongeza moto hadi mwisho kwa sekunde chache, usome ampea. Zikizidi kiwango cha mota au ESC, punguza propela. Kipima wati ni bei ndogo ukilinganisha na mota ya kuagiza na kuisubiri wiki kadhaa.

Kufunga mota

1. Ukuta wa mbele uwe plaiwudi imara, uliogandishwa kwa epoksi. Bonyeza kwa kidole gumba. Ukicheza, mota itaung'oa.

2. Tumia nati zenye meno nyuma ya plaiwudi. Skrubu za mbao hulegea kwa mtetemo.

3. Angalia urefu wa skrubu zinazoingia kwenye mota. Ikizidi milimita moja au mbili inaweza kugusa nyaya za shaba za ndani, na mota ikafa siku ya kwanza.

4. Skrubu ya chuma inayoingia kwenye chuma iwekewe tone la gundi ya kuzuia kulegea.

5. Elekeza mota kulia kwa nyuzi 2 hivi, ili kupinga ndege kuvutwa kushoto inapopanda wima. Ukiwa umekaa kama rubani, weka washa chini ya skrubu za kushoto. Matundu yakiachana milimita 40, unene wa milimita 1.4 unatosha.

6. Funga nyaya mbali na ganda linalozunguka.

7. Acha tundu la kutokea hewa liwe kubwa kuliko la kuingilia, karibu mara mbili. Hewa ya moto isipotoka, ya baridi haiingii.

Jaribio la kwanza

Jaribu mota bila propela. Ikizunguka kinyume, badilishana nyaya mbili kati ya tatu za mota. Ukifunga propela, maandishi yake yatazame mbele.

Mota ya umeme haitoi onyo. Betri ikishaunganishwa, kugusa rimoti kwa bahati mbaya kunatosha kukata vidole. Simama nyuma ya ndege, na watoto wasikae pembeni, usawa wa propela, kwa sababu ikivunjika vipande hutokea huko. Weka swichi ya kuzima mota kwenye rimoti, na hakikisha mota inazima yenyewe mawimbi yakikatika.

Vumbi na upepo

Singida ni mkoa wa upepo, na miezi ya kiangazi ina vumbi jingi. Sumaku za mota hunasa chembe za mchanga zenye chuma. Usiweke ndege kifudifudi mchangani, na kabla ya kuruka zungusha mota kwa mkono. Ukisikia mkwaruzo, puliza na safisha kwanza.

Asubuhi ni bora. Upepo huwa umetulia, na hewa ya nyuzi 15 ni nzito kwa karibu asilimia 4 kuliko ya mchana wa nyuzi 28. Msukumo huo unaupata bure.

Kabla ya kurusha

Uwanja wa ndege wa Singida uko mjini, kwa hiyo usirushe maeneo ya karibu. Ulizia masharti na vibali kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), kisha tafuta eneo la wazi lisilo na watu, mifugo wala nyaya za umeme.

Na tua mapema. Seli moja isishuke chini ya volti 3.5, kwa sababu betri ikiisha katikati ya mzunguko, ndege haina nguvu ya kumaliza mzunguko huo.