Asili ya Istilahi za Hadithi

Hapana shaka kwamba sisi tufundishao Kiswahili mbali na mwambao tumekwisha kuliona jambo hili mara nyingi: mwanafunzi amekariri istilahi za hadithi barabara, riwaya, msuko, mhusika, dhamira, taharuki, kila moja na fasili yake, lakini akipewa kitabu asichopata kukisoma darasani hushindwa kusema lolote. Amezipokea istilahi hizo kama mgeni apokeavyo funguo asizoelezwa ni za milango ipi. Kwa maoni yetu, njia mojawapo ya kumsaidia ni kumwonyesha historia ya maneno yenyewe. Karibu yote yalikuwa na kazi nyingine katika lugha kabla ya kuingia katika uhakiki, na kazi ile ya kwanza ndiyo huifumbua maana ya sasa.

Tuanze na maneno ya kale. Hadithi, kisa, hekaya na riwaya yote yana asili ya Kiarabu. Hadithi ni habari isimuliwayo, na katika dini ya Kiislamu ni habari za maneno na matendo ya Mtume. Kiswahili kimezihifadhi maana zote mbili, na mwalimu asipolieleza hilo mwanafunzi aweza kupotea. Riwaya nayo ilikuwa ni upokezi: kupokea habari au shairi kutoka kwa aliyetangulia na kulifikisha kwa afuataye. Ilipokuja zama ya vitabu vya chapa, neno hilo likapewa kazi ya kutaja hadithi ndefu ya kubuni iliyoandikwa kwa nathari.

Ngano ni hadithi ya mapokeo, isimuliwayo kwa mdomo, ambayo aghalabu wanyama na mazimwi husema na kutenda kama watu. Hapa wanafunzi wetu huhitaji uangalifu. Kinyarwanda na Kirundi huita umugani, na Kiganda huita olugero, na kila moja ya maneno hayo hubeba ngano na methali pamoja. Kiswahili huvitenga vitu hivyo viwili. Basi mwanafunzi wa Kigali au Kampala aandikapo methali mahali palipotakiwa ngano, asidhaniwe kuwa ni mvivu; anafuata mpango wa lugha ya mamaye.

Historia yatuonyesha pia kwamba vitabu vilitangulia, na istilahi zikafuata nyuma. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia kazi hiyo. Mwaka 1934 kikatoka kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, na mwaka 1951 Kusadikika cha Shaaban Robert. Wasomaji waliviita vitabu hivyo hadithi tu, wakaridhika. Haja ya istilahi nyingi ilizidi baada ya uhuru, Kiswahili kilipoanza kutumiwa kufundishia fasihi yake chenyewe. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa Tanzania mwaka 1967, na mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata Idara ya Kiswahili. Hata neno fasihi, ambalo leo hutaja sanaa yote ya lugha, lina udugu na ufasaha, yaani usemi safi ulio wazi.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. Msuko watokana na kusuka. Msusi wa mkeka haongezi miaa mipya bali huipanga ile aliyo nayo, huu ukipita juu na ule chini. Vivyo hivyo matukio ni miaa, na mpango wa mwandishi ndio msuko. Katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, mauaji yametokea na Bwana Msa anatafuta ukweli. Kwa wakati, siri ya mauaji ndiyo ya kwanza. Katika kitabu, msomaji huifahamu mwishoni. Matukio ni yale yale, mpangilio ndio tofauti. Na huko kucheleweshwa ndiko kuzaako taharuki. Neno hili kwa asili ni mtikisiko, kutotulia. Msomaji aliyetaharuki hawezi kukiweka kitabu chini.

Mhusika ni yule ambaye jambo lamhusu. Ukitaka kumpata mhusika mkuu, usimtafute anayetajwa mara nyingi. Uliza, jambo hili lamhusu nani zaidi? Wahakiki huwagawa wahusika kuwa bapa na duara, mgawanyo uliotoka kwa Mwingereza E. M. Forster mwaka 1927. Kitu bapa huonekana chote kwa mtazamo mmoja, na cha duara sharti kizungukwe. Rosa, katika Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi cha mwaka 1971, amelelewa kwa ukali mno na babaye, naye hubadilika afikapo mbali na nyumbani. Huyo ni duara.

Msimulizi ni yule atusimuliaye, na si lazima awe mwandishi. Katika Kusadikika, Karama hushitakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, naye katika kujitetea husimulia safari za wajumbe waliotangulia. Kwa hiyo kuna msimulizi ndani ya hadithi ya msimulizi mwingine. Mwanafunzi aandikaye kwamba Shaaban Robert alishitakiwa mbele ya mfalme amewachanganya watu hao.

Dhamira katika maongezi ya kawaida ni nia iliyo moyoni. Katika kitabu ni lile wazo kuu lililo ndani ya matukio, nalo halisemwi kwa neno moja tu. Maudhui ni pana zaidi: hukusanya dhamira, ujumbe, migogoro na msimamo wa mwandishi. Fani ni ufundi uliotumika kuyatoa hayo, yaani muundo, mtindo, wahusika, mandhari na lugha.

Jambo la mwisho ni tofauti za vitabu. Hutokea kitabu kimoja kikaandika msuko, na kingine ploti, kwa maana ile ile. Nchi zetu hupokea vitabu kutoka Kenya na Tanzania pia, na tangu Rwanda ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, haja ya vitabu hivyo imeongezeka. Si haki mwanafunzi apoteze alama kwa kuwa kitabu chake kilichapishwa Nairobi na msahihishaji wake alisomea Dar es Salaam. Tunawasihi walimu wenzetu wayataje majina yote mawili darasani, na wakati wa kusahihisha watazame kama mwanafunzi ameuona mkeka ulivyosukwa. Akiisha kuuona, na aruhusiwe kuuita kwa jina alilofundishwa.