Fahamu Namna ya Kukabiliana na Nyuki na Nyigu Wanaoweka Makazi Shambani na Majumbani

Na Mwandishi Wetu

Wananchi wa mikoa ya Mbeya na Iringa hukutana na nyuki na nyigu katika shughuli zao za kila siku: kusafisha shamba la mahindi, kupogoa miparachichi, kuchuma chai au kukata kuni. Pigo moja la shoka kwenye mti wenye pango laweza kuamsha kundi zima, na wanaoumia zaidi ni watoto, wazee na mifugo iliyofungwa kamba isiyoweza kukimbia.

Kuwatambua

Nyuki wa asali hujenga masega ya nta ndani ya mapango ya miti, vichuguu, nyufa za miamba na dari za nyumba. Nyuki kibarua akimdunga mtu huacha mwiba mwilini na kufa. Nyigu ana kiuno chembamba, hujenga kiota kinachofanana na karatasi chini ya paa au kwenye vichaka, na anaweza kudunga mara nyingi. Nyigu wanaofinyanga viota vya udongo ukutani huishi peke yao na ni nadra kudunga.

Kundi la nyuki lililotundikana tawini kwa kawaida liko safarini kutafuta makazi mapya. Mara nyingi huondoka lenyewe baada ya saa au siku chache, hivyo lisiguswe wala kurushiwa mawe.

Yasiyofaa kufanywa

Kuchoma moto makazi ya nyuki ni hatari kubwa, hasa wakati wa kiangazi ambapo nyasi zimekauka. Katika maeneo yenye mashamba ya miti, kama Sao Hill wilayani Mufindi, cheche moja yaweza kuteketeza jasho la miaka mingi.

Kupulizia viuatilifu nako si suluhisho. Sumu hubaki kwenye masega na kuifanya asali isifae kuliwa, na masega yakiachwa darini huvutia makundi mengine. Aidha, mkulima anayeua nyuki hupunguza mavuno yake mwenyewe, kwa kuwa parachichi, alizeti na maboga huhitaji wadudu wa kuchavusha. Nyigu nao huwinda viwavi wanaoshambulia mazao.

Hatua za kuchukua

Kabla ya kuanza kazi, kagua miti, vichuguu na vichaka, na uangalie kama wadudu wanaingia na kutoka mahali pamoja. Ukigundua makazi yao, weka alama, waonye majirani, hamisha mifugo na uzuie watoto kusogea. Usiendeshe trekta wala msumeno wa mashine karibu nayo, kwani mtikisiko na kelele huwachokoza.

Kisha toa taarifa kwa Ofisa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa ili akuunganishe na Ofisa Nyuki wa Halmashauri au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mfugaji mwenye ujuzi, mavazi ya kinga na bomba la moshi anaweza kulihamishia kundi kwenye mzinga, kwa kawaida jioni nyuki wanaporejea. Usimamizi wa rasilimali hiyo unaongozwa na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002.

Unaposhambuliwa

Kimbia bila kusimama, funika uso na uingie ndani ya nyumba au gari, kisha funga mlango. Usiwapigepige: nyuki anayedunga au kupondwa hutoa harufu inayowaita wenzake. Usijitose majini, kwa sababu wanaweza kukusubiri juu.

Ukiwa salama, ondoa miiba haraka kwa kuikwangua kwa ukucha, kwa kuwa kifuko cha sumu huendelea kuisukuma mwilini. Osha kwa maji na sabuni, kisha weka kitambaa chenye maji baridi.

Mtu aliyedungwa mara nyingi, aliyedungwa mdomoni au kooni, au anayepata shida ya kupumua, kuvimba midomo au kizunguzungu, apelekwe mara moja katika kituo cha afya. Dalili za mzio zaweza kuhatarisha maisha ndani ya dakika chache, hata kwa mwiba mmoja.

Kwa dharura inayohitaji uokoaji, mwananchi apige simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.