Keki Isiyotajwa Jina

Katika miongo ya mwisho ya Muungano wa Kisovieti, kila ilipokaribia Aprili, maduka ya mikate ya Moscow na miji mingine yalianza kuuza keki ambayo miezi mingine haikuonekana sana. Ilikuwa ya hamira na mayai mengi, ina zabibu kavu ndani, na juu imenyunyiziwa sukari ya unga. Jina lake rasmi lilikuwa Keks Vesenniy, yaani keki ya majira ya kuchipua. Nyingine ya aina hiyohiyo iliitwa keki ya Mei. Watu walipanga foleni, wakanunua mbili au tatu, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza kwa nini majira ya kuchipua yanahitaji keki, wala kwa nini kiangazi hakikupewa ya kwake.

Muuzaji alijua. Mnunuzi alijua. Kiwanda kilikuwa mali ya serikali, na serikali hiyo, iliyokuwa imewafundisha watoto wa vizazi kadhaa kwamba Mungu hayupo, ilijua vilevile. Ule ulikuwa mkate wa Pasaka wa Warusi, ambao kwa jina lake halisi ni kulich. Unga ulibaki, mayai yakabaki, zabibu zikabaki. Kilichoondolewa ni neno.

(Sisi hatuna majira ya kuchipua. Pasaka yetu huangukia kwenye masika, na watu huenda kanisani na miavuli. Lakini huko Urusi theluji huwa ndiyo kwanza inayeyuka, kwa hiyo jina lile jipya halikuwa uongo hasa.)

Ili kuelewa uzito wa keki hiyo, inabidi kuanza na njaa. Kwaresima ya Waorthodoksi huchukua karibu wiki saba, na anayeifunga kikamilifu haachi nyama tu: anaacha pia maziwa, siagi na mayai. Wakati huohuo kuku wanaendelea kutaga, na ng'ombe wanazaa na kuanza kutoa maziwa. Vyote hivyo vilirundikana vikisubiri siku moja. Kitabu cha mapishi cha Elena Molokhovets, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1861 na kutumika katika nyumba za Warusi wenye uwezo kwa zaidi ya nusu karne, kina mapishi mengi ya Pasaka yanayotaka mayai kwa makumi. Leo mtu huyasoma akidhani ni ya harusi.

Vitu viwili vilitawala meza hiyo. Cha kwanza ni kulich wenyewe, mkate mrefu kama mnara, wenye harufu ya iliki, vanila au zafarani, uliopakwa juu ute wa yai uliopigwa na sukari hadi ukawa mweupe kama theluji, kisha ukarushiwa chembe za sukari za rangi. Huo ni kazi ngumu. Unga unaumuka mara mbili au tatu, na wapishi wa zamani walikataza mtu kubamiza mlango, wasije wakaushtua ukasinyaa.

Cha pili ni rahisi mno, na ndicho nilichokipenda. Kinaitwa paskha, jina lilelile la sikukuu. Hakiokwi. Ni jibini laini jeupe lililokamuliwa maji, likachanganywa na siagi, sukari, krimu na zabibu, kisha likashindiliwa katika kalibu ya mbao yenye umbo la piramidi iliyokatwa ncha, lenye kukumbusha kaburi la Yesu. Mbao hizo huchongwa kwa ndani, ili paskha ikigeuzwa kwenye sahani itoke tayari imepambwa: msalaba upande mmoja, na upande mwingine herufi mbili za Kirusi zinazofanana na X na B. Ni mwanzo wa maneno mawili, Khristos voskrese, Kristo amefufuka.

Niliitengeneza jikoni kwangu bila kalibu. Nilichemsha lita 3 za maziwa, nikakamulia malimau hadi yakakatika, nikayachuja kwa kitambaa cha shashi na kuyaning'iniza kwenye bomba la sinki mpaka asubuhi. Nilichobaki nacho nilikipitisha kwenye chekecheo mara mbili, kwa sababu chenga zikibaki, ulimi unazijua. Nikatia siagi laini, sukari, iliki kidogo na zabibu. Kalibu yangu ilikuwa chungu kipya cha maua, kwa kuwa kina tundu chini la kutolea maji. Nikakitandika kitambaa, nikajaza, nikafunika kwa sahani, nikaweka juu mfuko wa sukari wa kilo 2 na kukiacha kwenye friji usiku kucha. Kilipogeuzwa kilisimama. Herufi niliziandika kwa zabibu, moja moja, na kazi hiyo haikuchukua hata dakika 5.

Dakika hizo 5 ndizo zilizokuwa na hatari katika nchi ile.

Januari 1918, miezi michache baada ya mapinduzi, Wabolsheviki walitenganisha kanisa na dola. Mwaka 1923 vijana wa Komsomol walifanya Pasaka yao ya kejeli, wakipita mitaani wamevaa kama mapadri. Mwaka 1925 kikaanzishwa chama cha wapiganaji dhidi ya dini. Hayo yote yalikuwa kelele, na watu waliendelea kuoka. Pigo zito zaidi lilikuja mwaka 1929, na lilikuja kupitia kalenda. Serikali iliwagawa wafanyakazi katika makundi matano, kila kundi na rangi yake. Mtu alifanya kazi siku nne na kupumzika ya tano, na kila rangi ilipumzika siku yake, ili mashine zisisimame kamwe. Jumapili ikapotea. Mume wa rangi moja na mke wa rangi nyingine wangeweza kukaa wiki nzima wasipate siku ya kula pamoja. Utaratibu huo ulibadilishwa baadaye, lakini Jumapili ya mapumziko haikurudi hadi 1940. Katika miaka hiyohiyo mkate uligawiwa kwa kadi, na mwaka 1932 na 1933 mamilioni walikufa kwa njaa. Kulich wa mayai makumi haukuhitaji kupigwa marufuku.

Kisha ikaja sensa ya tarehe 6 Januari 1937, iliyowauliza watu wenye umri wa miaka 16 na zaidi kama wana dini. Baada ya karibu miaka 20 ya mafunzo, makanisa yaliyobomolewa na mapadri waliouawa, zaidi ya nusu walisema wanayo. Fikiria walivyosema: kwa afisa aliyekaa mezani pao na kalamu, katika mwaka ambao jirani aliweza kuchukuliwa usiku asirudi. Matokeo yalifutwa, waandaaji wa sensa wakakamatwa na baadhi wakapigwa risasi. Sensa iliyofuata, ya mwaka 1939, haikuwa na swali hilo. Tayari hapo dola ilikuwa imejifunza kwamba ni afadhali kutouliza, na mimi huiona keki ile ya majira ya kuchipua kama mtoto wa mbali wa somo hilo.

Vita vililegeza kamba. Usiku wa Pasaka wa Aprili 1942, Wajerumani wakiwa wamesukumwa kutoka milango ya Moscow majira ya baridi tu yaliyotangulia, amri ya kutotembea usiku iliondolewa jijini ili watu waende kanisani. Mwaka uliofuata Stalin aliwapokea maaskofu Kremlin. Chini ya Khrushchev makanisa yakaanza tena kufungwa, kwa maelfu.

Ni katika dunia hiyo ndipo foleni ya keki inapoleta maana. Waliokulia enzi hizo husimulia vijana wa Komsomol waliosimama kuzunguka makanisa usiku wa Pasaka, wakiwaachia vikongwe wapite na kuwarudisha wanafunzi. Husimulia televisheni ambayo usiku huo, kinyume na kawaida yake, ilionyesha wanamuziki wa nje, ili vijana wabaki nyumbani. Na husimulia jikoni: mayai yaliyochemshwa na maganda ya vitunguu mpaka yakawa mekundu kahawia, maganda yaliyokusanywa tangu Februari, kulich uliookwa ndani ya makopo ya bati, kwa kuwa kalibu za zamani zilikuwa zimepotea, bibi aliyepamba juu, na mjukuu aliyeonywa asiseme shuleni.

Nisiwafanye wote kuwa mashujaa. Wengi waliokula mkate huo hawakuamini chochote. Walikuwa wanachama wa chama, walipiga kura ya mkono mikutanoni, kisha wakaenda kwa mama mkwe kula. Wengine walinunua Keks Vesenniy kwa sababu ilikuwa tamu. Na serikali haikuwa mjinga: iliyewafungia makanisa iliwauzia mkate, na siku ya Pasaka miji mingine iliongeza mabasi ya kwenda makaburini, ambako familia ziliacha yai na kipande cha keki juu ya kaburi. Kila upande ulipata kitu. Lakini keki ya kiwanda ilitoka na sukari ya unga tu. Aliyetaka herufi mbili juu yake ilimbidi apige ute wa yai na kuziandika mwenyewe, nyumbani, mapazia yakiwa yamefungwa.

Muungano ulivunjika mwaka 1991. Siku hizi kulich huuzwa kwa jina lake kila kona, na herufi zake huja zimechapwa tayari kwenye karatasi ya kufungia. Keks Vesenniy nayo bado ipo, rafu moja na kulich. Wapo wazee wanaoichagua hiyo, wakisema ndiyo yenye ladha ya Pasaka ya utotoni.