Shida ya Rubaya na mizani ya mwingine

Wasomi wenzangu, kijana akikosa kazi anaambiwa: baada ya dhiki faraja. Mimi ni mtoto wa Masisi, msemo huu nimeusikia tangu utotoni. Leo tuupime kwa historia ya kwetu Rubaya, maana kama shida peke yake ingekuwa inatajirisha, sisi tungekuwa matajiri wa dunia.

Tuanze Machi 1993. Vita vililipuka kwenye soko la Ntoto, kule Walikale, vikaingia Masisi. Mwaka 1994 wakafika wakimbizi wa Rwanda kwa mamia ya maelfu, kisha vita vya 1996 na vya 1998. Ng'ombe wakaibiwa na kuchinjwa, mashamba yakaachwa. Mfugaji aliyeishi kwa maziwa na jibini akabaki na fimbo tu mkononi. Hapo shida ilifanya kazi yake kweli: wengi walishika chepe, wakapanda milimani kuchimba koltani.

Mwishoni mwa 2000 bei ya tantali, ile metali inayotolewa kwenye koltani na kutumika ndani ya simu, ilipanda mara nyingi. Franga zikaonekana. Lakini Novemba mwaka huohuo RCD, iliyotawala Goma, ikaipa kampuni moja tu, SOMIGL, haki ya kuuza koltani nje. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Mchimbaji hakuambiwa kwa nini ilipanda, na hakuambiwa kwa nini imeshuka.

Pigo lingine: Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Nyumba nyingi zililala njaa. Lakini miaka ile wachimbaji walikuwa wameanza kujipanga. Ushirika wao, COOPERAMMA, mwaka 2013 ulipatana na kampuni yenye hati ya eneo: wao wachimbe, kampuni inunue. Ugomvi haukuisha, apana. Ila mchimbaji sasa alikuwa na karatasi ya kudaia haki yake.

Mwisho wa Aprili 2024 Rubaya iliangukia mikononi mwa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwishoni mwa mwaka ule kwamba kodi za koltani pale zinaliingizia kundi hilo dola 800,000 hivi kwa mwezi. Anayeingia shimoni bado ni mtoto wa maskini, na udongo ukiporomoka ni yeye anayefunikwa.

Basi mimi nasema hivi: shida inampa mtu miguu ya kutoka nyumbani na mikono ya kuchimba. Haimpi mizani, haimpi bei, haimpi hati. Na feza hukaa kwa mwenye vitu hivyo vitatu.

Nina wenzangu wenye diploma ambao leo wanabeba mifuko ya koltani mgongoni. Siwacheki, tumbo halingoji. Lakini tuliosoma sheria, hesabu na jiolojia tuna deni kwa watu wale: kuwasomea mkataba kabla hawajatia kidole, kuwaambia bei ya soko la dunia, kushika daftari la ushirika bila kuiba. Kazi hiyo haina mshahara mkubwa mwanzoni. Lakini bila hiyo, watoto wetu nao watafarijiwa kwa msemo uleule.

Wewe uliyesoma, eneo lenu mizani iko mkononi mwa nani?