Jarida la Waungwana na Mtoto wa Fundi Viatu

Ukitoka kituo cha Farringdon, London, na kupandisha kidogo kuelekea Clerkenwell, utalikuta lango la mawe la St John's Gate limesimama kuvuka njia, watu wakipita chini ya tao lake na mifuko yao ya chakula cha mchana. Lilijengwa mwaka 1504, likiwa mlango wa makao ya watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohana. Mfalme Henry VIII alipowafukuza watawa, majengo ya hapo yaliingia mikononi mwa serikali, na enzi za Elizabeth ofisi iliyokagua michezo ya kuigiza, ikiwemo ya Shakespeare, ilikuwa mumo humo. Leo kuna makumbusho, na wageni wengi huja kwa ajili ya watawa. Mimi nilimfuata mpigachapa aliyeitwa Edward Cave.

Januari 1731 Cave alitoa toleo la kwanza la The Gentleman's Magazine, jarida la waungwana, kwa bei ya peni 6. Wazo lake lilikuwa jepesi, na nadhani ndiyo maana lilidumu. London ilikuwa na magazeti mengi kiasi kwamba hakuna mtu aliyeweza kuyanunua yote, sembuse kuyatunza. Cave akajitwika kazi ya kuyasoma, kuyafupisha, na kuyaweka pamoja mara moja kwa mwezi. Akaongeza mashairi, habari za nje, vitabu vipya, bei za nafaka na hisa, ndoa, vifo, vyeo, na orodha ya waliofilisika. Jalada lilikuwa na picha ya lango lenyewe. Kama mhariri alijiita Sylvanus Urban, jina linalobeba msitu na mji kwa pamoja, maana alitaka asomwe na mkulima mkubwa wa Warwickshire kama anavyosomwa na tajiri wa London. Wahariri waliomfuata waliendelea kulitumia jina hilo.

Mwenyewe Cave hakuwa na nasaba yoyote ya kiungwana. Alizaliwa mwaka 1691 karibu na Rugby, mtoto wa fundi viatu. Alisoma shule ya pale mjini mpaka alipotuhumiwa kuiba jogoo wa nyumbani kwa mwalimu mkuu, na tangu hapo masomo yakamwendea kombo. Akajifunza uchapaji London, kisha akapata kazi Posta, alikokagua barua ambazo wabunge walikuwa na haki ya kuzituma bure. Posta ilimpa alichokihitaji: magazeti ya mikoani yalipita mikononi mwake, naye akawa anawauzia wahariri wa London habari za mikoani na wa mikoani habari za London. Mwaka 1728 alikamatwa kwa kupeleka habari za Bunge kwa gazeti moja la Gloucester, akawekwa ndani, akaomba radhi. Alitoka akiwa amejua kitu kimoja: habari ambayo wakubwa wanaificha ndiyo ambayo wasomaji watailipia.

Hapo ndipo habari hii ya zamani inaponivuta zaidi. Tarehe 13 Aprili 1738 Baraza la Makabwela lilipitisha azimio kwamba kuchapa maneno ya wabunge, vikao vikiendelea au vikiwa vimefungwa, ni kuvunja haki za Baraza, na atakayethubutu ataadhibiwa vikali. Yaani watu waliotoa kodi na vijana wao kwenda vitani wasijue ni nani aliyesema nini juu ya kodi hizo na vita hivyo. Cave hakulia wala hakuandamana. Mwezi Juni jarida lake lilitoka na mijadala ya Bunge la Lilliput, ile nchi ya vijitu vidogo ambayo Jonathan Swift alikuwa ameitungia kitabu mwaka 1726. Eti mjukuu wa Gulliver amerudi kutoka huko na kumbukumbu za vikao. Waziri mkuu Walpole akaitwa Walelop. Mbunge Pitt akawa Ptit. Malodi wakawa Hurgoes na makabwela wakawa Clinabs. Hakuna msomaji aliyepotea njia, na hakuna mbunge aliyeweza kusimama akasema kwamba yule Ptit ni yeye.

Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Cave au watu wake walimpa mlinzi wa mlango kitu kidogo, wakaingia kwenye roshani ya wageni, wakasikiliza. Baadaye walikaa kwenye baa ya jirani na kukumbushana: nani alianza, nani alimjibu, hoja zilikuwa zipi. Vipande hivyo alipewa Mskoti mmoja, William Guthrie, avipange. Kisha vikamfikia kijana mrefu kutoka Lichfield aliyekuwa amekuja London mwaka 1737 bila kitu mfukoni, Samuel Johnson.

Mijadala aliyoiandika Johnson ilichapwa kuanzia Julai 1741 hadi Machi 1744. Alikiri baadaye kwamba kwenye roshani ya Makabwela aliingia mara moja tu. Kilichomfikia mezani pengine kilikuwa majina ya wasemaji na upande alioshika kila mmoja, basi. Mengine yote aliyatoa kichwani mwake, kwa sentensi nzito zilizopangwa kama matofali. Hotuba maarufu ambamo Pitt anamjibu mzee aliyemdharau kwa ujana wake iliwahi kusifiwa mezani, Johnson akiwepo, ikilinganishwa na za wasemaji wakuu wa Ugiriki ya kale. Johnson aliwaacha wamalize, kisha akawaambia kwamba aliiandika yeye, katika chumba cha darini mtaa wa Exeter.

Siwezi kuisimulia habari hii kwa kucheka tu. Wasomaji waliamini wanasoma Bunge lao, kumbe wanamsoma mtu mmoja mwenye njaa na akili nyingi. Lakini lawama ya kwanza naiweka kwa waliofunga mlango, kwa sababu palipo na mlango uliofungwa uvumi ndio unaotawala, na Johnson angalau aliwapa pande zote mbili hoja za kiutu uzima. Aliacha kazi hiyo alipogundua kwamba watu wanaziamini hotuba hizo kama maneno halisi. Mwaka 1784, siku chache kabla ya kufa, alisema kwamba katika yote aliyoyaandika ni hayo tu yaliyomsuta. Na bado, William Cobbett na wenzake walipokusanya historia ya Bunge mwanzoni mwa karne ya 19, mijadala ya Johnson iliingizwa humo kama kumbukumbu za miaka hiyo. Cave naye hakusalimika moja kwa moja: mwaka 1747 Baraza la Malodi lilimkamata kwa kuchapa habari za kesi ya Lord Lovat, akaachiwa baada ya kukemewa na kulipa gharama. Ilikuwa baada ya mgogoro wa mwaka 1771, meya wa London alipofungwa kwa kuwakingia kifua wapigachapa, ndipo Bunge lilipoacha kuwaandama.

Ghorofani mwa lango, juu ya tao, ndipo David Garrick, aliyefuatana na Johnson kuja London na baadaye akawa mwigizaji mkuu wa nchi, alipoonyesha kipaji chake kwa Cave, mafundi wa kupanga herufi wakiitwa kusoma sehemu za wahusika wengine. Na ndipo Cave alipomkaribisha chakula Walter Harte, ambaye alikisifu sana kitabu cha Johnson kuhusu maisha ya mshairi Savage. Baadaye Cave alimwambia Harte kwamba siku ile alimfurahisha mtu. Ilikuwaje, na mezani walikuwa wawili tu? Sahani moja ilikuwa imepelekwa nyuma ya kiwambo. Johnson alikuwa ameketi huko, nguo zake zikiwa zimechakaa kiasi cha kuona haya kutokeza.

Jarida lilikuwa la waungwana kwa jina, ila kurasa zake zilikuwa wazi kuliko jalada. Elizabeth Carter wa Kent alichapwa humo mwaka 1734 akiwa na miaka 16, na akaja kuwa mmoja wa wanawake wasomi walioheshimiwa zaidi Uingereza. Toleo la Juni 1750 lina picha za Waafrika wawili. Mmoja ni William Ansah Sessarakoo kutoka pwani ya Ghana ya leo. Wa pili ni Ayuba Suleiman Diallo wa Bundu, Senegal ya leo, msomi wa Kurani. Baba yake alikuwa amemtuma mto Gambia kuuza watumwa na kununua karatasi. Njiani akatekwa, akauzwa, akajikuta shambani Maryland. Barua aliyomwandikia baba yake kwa Kiarabu ilifika London, ikasomwa, na ikamkomboa. Mwaka 1734 alirudi kwao. Wasomaji wa Cave walipewa sura yake kama ya mtu wa ajabu, huku maelfu waliovushwa bahari mwaka huohuo wakipita bila sura wala jina.

Cave alifariki langoni mwaka 1754. Miaka ya mhariri John Nichols, aliyeingia mwaka 1778 na kuhamishia uchapaji karibu na Fleet Street, ilikuwa ya utulivu: makanisa ya zamani, maandishi ya makaburi, nasaba, tanzia ndefu. Moto wa Februari 1808 uliunguza kiwanda chake, jarida likaendelea. Familia yake ililiachia mwaka 1856, mwaka 1868 likageuzwa la hadithi, na mwaka 1907 likakoma, ingawa jina lilishikiliwa kwa vijarida vya kurasa nne hadi 1922.

Juzuu zake hupatikana katika maktaba kubwa. Anayetaka kuzisoma asianze na toleo la kwanza, ambalo bado linapapasa njia. Aanze na Juni 1738, alione Bunge la vijitu likifunguliwa, kisha aruke hadi Februari 1754, ambako Johnson ameandika maisha ya Edward Cave, habari ya yule jogoo ikiwemo.